Kipima Kinasema Umelowa

Nyanya zangu zilikuwa zinakufa, na simu ya mwenyekiti ilikuwa inasema udongo wangu umelowa. Sasa wewe niambie, mtu anaanzia wapi kubishana na simu? Kila asubuhi ya Septemba ile nilikwenda kwa Valence, mwenyekiti wa kikundi chetu cha umwagiliaji, nikasimama mlangoni kwake na vumbi la shamba miguuni, naye akafungua simu, akasogeza kwa kidole, akanionyesha. Ploti namba kumi na tisa, Walburga, asilimia arobaini na moja. Kesho yake arobaini na tatu. Siku iliyofuata arobaini. Na sheria yetu inasema koki ya mtu haifunguliwi mpaka kipima chake kishuke chini ya thelathini.

Majirani zangu wa kushoto na kulia walikuwa wanasoma ishirini na sita, ishirini na nane, wanafunguliwa, wanamwagilia, wanarudi makwao wakipiga soga. Mimi maua yalikuwa yanapukutika. Majani yalianza kujikunja saa nne asubuhi, na kufikia wiki ya pili yalikuwa yanaamka yamejikunja tayari. Nilimwambia Valence ashuke mwenyewe akaone. Akashuka, akaona, akaguna, akasema macho yake hayana ruhusa ya kufungua koki, ruhusa ni ya namba. Nilimjibu neno ambalo siwezi kulirudia hapa.

Na kibaya zaidi, mwenyewe nilivipigia kura vile vipima. Bonde letu liko chini ya Mfaranyaki, hapa Songea, mwendo wa nusu saa kwa mguu. Kiangazi chote tunalima nyanya na kabichi kwa maji ya tangi lililojengwa juu kilimani. Bomba linashuka, kila ploti ina koki, kila koki ina kufuli, na funguo zote anazo Valence. Zamani tulikuwa na zamu, na zamu ilikuwa vita. Valence alikuwa analaumiwa kwamba anawafungulia kwanza mashemeji zake, na yule bwana kila mtu humwita shemeji. Watu walishikana mashati pale kwenye tangi. Ndipo wakaja watu wa mradi na vipima, mti wa plastiki wa kijivu, urefu wa mkono, unazamishwa ardhini, unapima unyevu na kutuma namba kwenye simu. Nilisimama mkutanoni nikasema kwa sauti kwamba kipima hakina shemeji. Watu walicheka, wakapiga makofi, mikono ikanyooshwa.

Tukaweka na sheria kali. Mtu asikiguse kipima chake, asikifunike, asikihamishe, asikimwagie maji. Atakayekichezea, ploti yake inachukuliwa siku hiyohiyo na kupewa aliye wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri. Mwezi wa saba Pankrasi alikamatwa amekizungushia chake majivu ya moto ili kisome ukavu. Alilia mbele yetu, mtu mzima na mvi zake, akaomba asamehewe kwa sababu ya watoto. Mimi ndiye niliyesema tukimsamehe huyu tumejisamehe wote. Ploti ikachukuliwa.

Lakini kwangu ploti haikuwa nyanya tu. Mume wangu Henry alifariki mwezi wa tatu, baada ya kuugua mwaka mzima. Msimu uliopita shamba letu liliungua kwa sababu nilikuwa hospitali nikimgeuza kitandani, na kikundi kina sheria nyingine, ploti ikiungua misimu miwili mfululizo inaondoka. Mungu hakutujalia mtoto. Alichoniachia Henry ni mama yake, Imaculata, ambaye tumelala chumba kimoja tangu siku ya mazishi, kitanda chake dirishani na changu mlangoni. Ndugu walipokaa kikao cha arobaini walisema, maadamu Walburga ana ploti na anaweza kumlisha mama, mama abaki naye. Ploti ikienda, mama anachukuliwa na binti yake Rosemary kule Tunduru, na mimi nirudi kwetu Lusewa. Hakuna aliyesema kwa ubaya. Ila nilikuwa nimefika miaka arobaini na sita, na yule mama ndiye mtu pekee duniani anayeniuliza nimekula nini.

Basi nikadai aje fundi. Akaja Salum, afisa wa mradi, kijana wa Tanga aliyehamia Songea mwaka jana, mpole, amevaa viatu visivyojua matope. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia nusu. Alikichomoa kipima mbele ya watu, akakifuta kwa kitambaa, akakishika hewani, kikasoma sifuri. Akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji, kikasoma karibu mia. Akakirudisha shimoni, kikasoma arobaini na mbili. Akasema kifaa ni kizima. Kisha akachimba kwa mkono pembeni yake, akaniwekea udongo kiganjani, na haki ya Mungu udongo ulikuwa umelowa. Nilipouminya ulishikana. Nikapiga hatua tano, nikachimba mwenyewe, nikatoa vumbi.

Nilisimama pale na udongo wa aina mbili kwenye mikono miwili, nikahisi nimerogwa.

Salum alikuna kidevu. Alisema udongo hutofautiana, huenda pale pana mshipa wa mfinyanzi unaoshika maji. Akasema tangu mwanzo aliomba vipima vitatu kwa kila ploti, akaletewa kimoja, na kipima kimoja kinajua pale kilipochomekwa tu, hakijui shamba. Angeandika barua tuletewe cha pili, ingechukua wiki tatu. Wiki tatu! Halafu akashusha sauti, akaniuliza kwa adabu kama kuna mtu anayemwagilia hapa kwa mkono.

Hapo nikawaka. Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba amekuja juzi na begi lake, hajui hata mbegu ya nyanya inalala kwa upande gani, na sasa ananiita mwizi wa maji kwenye ploti ya marehemu. Nilimwambia mengine. Aliandika kitu kwenye daftari, akafunga mkoba wake kwenye pikipiki, akaondoka.

Kuanzia siku hiyo nilibeba maji. Sheria inakataza kuchota kwenye bomba, haikatazi kuchota kijitoni kule chini, isipokuwa usimwage ndani ya hatua tatu kutoka kwenye kipima. Nilikuwa na miche elfu moja na mia mbili. Ndoo moja inanywesha miche kumi kama unabana maji. Kilima kile nilikipanda mpaka kucha za miguu zikang'oka mbili, na bado nilikuwa nachagua, huyu aishi, huyu afe, huyu aishi, huyu afe. Mistari ya karibu na kipima niliikwepa kwa hofu ya ile sheria. Usiku sikuwa nasikia njaa, nilikuwa nasikia mabega tu.

Mama Imaculata aliniona nikizidi kukonda, na alinisaidia kwa namna yake. Kila siku aliamka mapema akaenda misa ya kwanza, ya saa kumi na mbili, kisha akateremka bondeni taratibu na fimbo yake kulisalimia shamba, ndipo akarudi nyumbani kunipikia uji. Aliniambia nisikate tamaa, Mungu anaona, maji yatakuja. Mimi nilikuwa naitikia ndiyo mama, huku moyoni nikisema Mungu naye asome simu ya Valence.

Kamati ikatangaza kwamba Jumamosi itapita kukagua, iamue ni ploti zipi zimeungua. Miche yangu mia nne hivi ilikuwa bado na uhai shinani. Kama koki ingefunguliwa hata siku moja, kamati ingekuta kitu cha kijani. Ijumaa asubuhi sikungojea uji. Niliteremka mapema ili nibebe ndoo nyingi kabla ya jua kali, nikatokea upande wa juu wa ploti, na nikamwona mama.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya kipima. Rozari ilikuwa shingoni. Mkononi alikuwa na chupa kubwa ya maji ya dukani, ile ya lita moja na nusu, na alikuwa anaimimina polepole, akiuzungusha mdomo wa chupa kwenye ule mti wa kijivu, tone juu ya tone, maji yakishuka kwa kuufuata mti mpaka ardhini. Midomo ilikuwa inasali.

Sikupiga kelele. Sijui kwa nini, mimi ambaye hupiga kelele kwa kila kitu.

"Mama, unafanya nini?"

Hakushtuka. Alimaliza amina yake kwanza.

"Nakibariki," akasema. "Kimekaa katika shamba la mwanangu na hakuna padri aliyekigusa. Ndiyo maana kinakufanyia ukorofi."

Kwetu kitu kipya hakianzi kazi hivihivi. Mbegu tunazipeleka kanisani kabla ya mvua, jembe likinunuliwa linanyunyiziwa, pikipiki inanyunyiziwa, nyumba haiingiwi mpaka padri apite vyumba vyote. Vipima vililetwa na gari, vikachomekwa siku moja, tukapiga picha, tukaenda zetu. Hakuna aliyekumbuka. Mama alikumbuka. Tangu wiki ya kwanza ya Agosti, akaniambia, alikuwa anachota maji ya baraka kwenye pipa la kanisani, chupa moja kila siku, na hajakosa hata siku moja, hata ile aliyoshikwa na mafua. Na alivyoona kipima kinazidi ukorofi, ndivyo alivyozidi kumimina kwa uangalifu, pale pale kwenye mti, maji yasipotee pembeni.

Nilikaa chini kwenye tuta. Nilitaka kumwambia. Maneno yote yalikuwa yamefika mdomoni, kwamba mama, ni wewe, umefunga koki kwa mikono yako, kila chupa imeua mstari. Nilimtazama alivyokuwa anajikung'uta vumbi magotini, ameridhika na kazi yake, nikajua kwamba nikisema sentensi hiyo moja nitakuwa nimemzika Henry mara ya pili, na safari hii mama yake ndiye atakayekuwa amemuua. Nikamwambia imetosha, sasa kimebarikiwa vya kutosha, kesho asisumbuke. Akafurahi. Akaniuliza kama nimekunywa kitu.

Nilimkuta Salum kwa Zena, kwenye mgahawa wa chai pale Mfaranyaki, anakula chapati peke yake. Nilimwomba radhi kwanza, bila kuzunguka, maana nilikuwa nimemtukana mtu aliyekuwa ananiuliza ukweli. Kisha nikamweleza yote. Alisukuma sahani pembeni. Akatoa simu, akanionyesha mchoro, mstari unaoshuka mchana kutwa na usiku kucha, halafu unaruka juu kila siku saa moja na robo asubuhi, siku arobaini na zaidi, bila kukosa.

"Nilijua kuna mtu," akasema. "Nilidhani ni wewe, unaokoa mistari miwili mitatu na maji yanatiririkia kule. Ndiyo maana nilikuuliza."

Nilimwomba afungue koki siku hiyo. Akasema hana ufunguo, na hata angekuwa nao namba ingesoma arobaini, na wenzangu wote wanaiona. Ule mchoro Valence ameshaupata jana na kesho atauweka mbele ya kamati.

Akanishauri nimtaje mama. Alisema bibi kizee aliyefanya kwa imani, bila kujua, hakuna kamati itakayomchukulia kama Pankrasi. Watamwita, watamhoji, watamweleza kosa, wataona huruma, pengine watanipa msimu mmoja wa kujaribu tena. Alisema kwa nia njema kabisa. Na mimi, nisikudanganye, nililitamani sana wazo hilo. Usiku kucha nililigeuza. Kitanda cha dirishani mama alikuwa anakoroma kidogokidogo, na mimi nilikuwa nahesabu, msimu mmoja tu, tukipata msimu mmoja tu tunabaki pamoja.

Jumamosi kamati ilikaa mbele ya wanachama kwenye kibanda cha pampu inayojaza tangi, juu, mahali unapoliona bonde lote. Mama alikuja nami, alikataa kubaki nyumbani siku kama ile. Nilimwomba anisubiri chini kwenye ploti, akakaa kwenye ndoo niliyoigeuza kifudifudi, fimbo mapajani.

Valence alisoma mchoro kwa sauti. Kisha akasema, kwa uchungu, maana alikuwa rafiki wa Henry, kwamba ploti namba kumi na tisa inamwagiliwa kwa mkono kwenye kipima kila asubuhi, na anataka kujua ni nani. Watu thelathini walinigeukia. Pankrasi alikuwepo, amesimama nyuma kabisa. Siku hizi anafanya vibarua kwenye ploti za wengine. Salum alinitazama, akanyanyua nyusi kidogo, kama anayesema sema sasa.

Nilitazama chini. Mama alikuwa ameinama anaokota majani makavu chini ya mche mmoja, anayaweka kwenye kitenge chake, anasafisha. Nikawaza wakimwita. Atapanda kilima hiki na fimbo, atawasalimia wote kwa jina la Yesu, na Valence atamweleza polepole, kwa heshima, maji yake yalikuwa yanafanya nini. Na tukipewa huo msimu, atakaa nami chumba kimoja miaka yote iliyobaki akijua.

"Ni mimi," nikasema.

Valence aliuliza kwa nini. Nikasema nilikuwa naokoa miche ya karibu na kipima, sikufikiri. Mtu mmoja akasema lakini ile miche ya karibu nayo imekauka. Nikamjibu basi sikujua kumwagilia, anataka nini zaidi. Salum akafungua mdomo, nikamkazia macho mpaka akaufunga. Kukawa na manung'uniko, wengine wakasema ni mjane, tumhurumie, ndipo sauti ikatoka nyuma.

"Na mimi mlinihurumia?" Pankrasi aliuliza. Hakusema kwa hasira, aliuliza tu.

Mimi ndiye niliyepaswa kumjibu kuliko wote. Mikono ikanyooshwa. Nami nikanyoosha wangu, kwa sababu sheria ni yangu pia. Ploti ikapewa Suzana, mama mmoja aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha, naye akatuma mtu nyumbani akalete jembe. Na kwa kuwa ploti ikibadilisha mwenyewe kipima huchomolewa na koki hufunguliwa ili udongo ulainike uweze kulimwa, Valence alichukua ufunguo wake papo hapo na kuteremka.

Nilimfuata nikikimbia, lakini alifika kwenye koki kabla sijafika kwa mama. Nilisikia bomba likikohoa hewa. Halafu maji yakatoka, mengi, mekundu kwanza kisha meupe, yakaingia kwenye mfereji wa kwanza, yakapinda, yakaingia wa pili, yakaloweka mashina yaliyokufa na yale machache yaliyokuwa bado hai. Vumbi lilitoa harufu ile ya mvua ya kwanza.

Mama alikuwa amesimama. Fimbo ilikuwa imeanguka. Maji yalikuwa yanampita kwenye nyayo na alikuwa hayakwepi.

"Nilikuambia," akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Umeona, mwanangu? Yamekuja."

Nilitaka kusema kitu kuhusu Tunduru, kwamba basi huondoka alfajiri, kwamba itabidi tumpigie Rosemary simu. Nikamwangalia usoni, nikashindwa. Nikaiokota fimbo, nikaifuta tope, nikampa.

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Yamekuja." Kisha nikamshika mkono tuondoke kabla Suzana hajafika na jembe lake.